Dema la Mwanga: Namna ya Kunasa Jua Ndani ya Seli Nyembamba Kuliko Wimbi Lenyewe

Seli ya jua ya silikoni iliyo juu ya paa lako ina unene wa takriban mikromita 150 hadi 180. Unene huo haukuwekwa kwa ajili ya rangi ya bluu. Bluu ya nanomita 400 humezwa karibu na uso, ndani ya sehemu ya kumi ya mikromita. Kilichobaki chote ni kwa ajili ya wageni wasumbufu: mawimbi marefu, mekundu na ya infraredi, ambayo silikoni huyala kwa kusitasita. Kwenye nanomita 800 mwanga husafiri wastani wa mikromita 12 kabla ya kufyonzwa. Kwenye 900 ni mikromita 33, kwenye 1000 ni zaidi ya 150, na kwenye 1100 tunakaribia milimita 3.

Sasa mtu akikuambia utengeneze seli ya mikromita 10, au ya nanomita mia mbili tu, jua lako jingi litapita moja kwa moja. Na sababu za kutaka wembamba zipo: malighafi kama galiamu na indiamu ni ghali, tabaka nene la fuwele huchukua muda mrefu kuoteshwa, seli nyembamba hupindika bila kuvunjika, na kwenye satelaiti hustahimili mionzi vizuri zaidi. Kwa hiyo swali ni namna ya kuulazimisha mwanga ukae.

Mvuvi wa pwani alishalijibu. Dema halimfukuzi samaki wala halimshiki kwa nguvu. Lina mlango wa kuingilia kwa wepesi, na samaki akishakuwa ndani mlango uleule haupati tena. Kitu chenye kipimo cha upindaji (n) kikubwa, yaani kinachoupinda mwanga sana, kina mlango wa namna hiyo. Ndani ya silikoni, ambako n ni takriban 3.5 kwa infraredi, mwali unaougonga uso kwa pembe inayozidi digrii 16.6 kutoka wima hauwezi kutoka. Unarudishwa ndani wote. Taabu ni kwamba jua linaloingia kupitia uso laini hupinda likasimama karibu wima, likapiga kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya seli, likarudi palepale mlangoni. Kazi ya matuta ya nano, yaani matuta madogo ya kiwango cha nanomita, ni kuuchepusha mwali mara moja tu, ukose mlango.

Mwaka 1982 mwanafizikia Eli Yablonovitch alionyesha kikomo cha hila hii: ukiuvuruga mwelekeo wa mwanga kabisa ndani ya tabaka, safari yake huongezeka hadi mara 4n². Mara 2 inatokana na kioo cha nyuma, mara 2 nyingine na kwenda mshazari, na n² inatokana na ufinyu wa mlango. Kwa silikoni hiyo ni takriban mara 50. Seli ya mikromita 10 inajifanya kuwa na nusu milimita.

Lakini kila mvuvi anajua pia habari ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka anayekula wenzake. Unaacha dema usiku lina samaki, asubuhi unalikuta lina mkunga aliyeshiba. Katika seli, mkunga ni fedha ya kioo cha nyuma, ni tabaka la kupitisha umeme, ni kasoro za uso. Nimesoma na kuandika programu za kompyuta za kuiga mambo haya kwa miaka kadhaa, na nitakalolirudia katika mwongozo huu ni hilohilo: kunasa mwanga si kazi ngumu kama kuhakikisha aliyeula ndiye uliyemtegea.

Hatua ya kwanza: jua ni mawimbi gani yanakutoroka

Usianze na umbo la matuta. Anza na daftari. Tafuta α, yaani kasi ya kifyonzaji chako (tabaka linalomeza mwanga na kutoa umeme) kuumeza mwanga katika kila wimbi, na d, unene wake. Sehemu inayofyonzwa kwa kupita mara moja ni 1 − e^(−αd). Kwa mtego kamili wa Yablonovitch ni 4n²αd / (1 + 4n²αd).

Chukua silikoni ya mikromita 10. Kwenye nanomita 800 inafyonza asilimia 57 kwa kupita mara moja. Kwa mtego kamili, 98. Kwenye nanomita 1000 inafyonza asilimia 6 tu. Ukiweka kioo nyuma inafika 12. Kwa mtego kamili inaruka hadi 76. Kwa nanomita 500 hakuna cha kutega, maana mwanga umekwisha kabla ya mikromita ya tano.

Hesabu hiyo ya dakika kumi tayari imekuonyesha eneo lako la kazi: silikoni nyembamba, kuanzia 700 hadi 1100. Kwa galiamu aseniki (GaAs), ambayo hufyonza kwa nguvu zaidi na huacha kabisa karibu na nanomita 870, eneo ni jembamba, takriban 650 hadi 870. Tabaka la nanomita 205 hupata kama robo tu ya mwanga wa nanomita 800 kwa kupita mara moja.

Nimeitaja 205 makusudi. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walitangaza seli ya GaAs yenye kifyonzaji cha unene huohuo na ufanisi wa asilimia 19.9, kwa kutumia kioo cha nyuma cha fedha chenye matuta ya nano. Seli za GaAs zilizoshika rekodi zimepita asilimia 29, lakini kwa kifyonzaji kinene mara nyingi zaidi. Tutaifuata seli hiyo kama kielelezo, kwa sababu karibu kila uamuzi wake una somo.

Hatua ya pili: chagua nafasi kati ya tuta na tuta

Matuta yanayojirudia huugawa mwanga katika matawi. Ndani ya kifyonzaji, tawi la m (la 1, la 2, la 3) huelekea pembe ambayo sine yake ni mλ/(nΛ), λ ikiwa urefu wa wimbi la mwanga na Λ nafasi kati ya tuta na tuta. Hewani n ni 1, hivyo sine ni mλ/Λ. Sine ikizidi 1, tawi hilo halipo.

Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Unataka Λ iwe kubwa kiasi cha kuzaa matawi ndani, na ndogo kiasi cha kuyanyima njia nje. Kwa maneno mengine, Λ iwe kati ya λ/n na λ.

Jaribu 700 kwa wimbi la 800 ndani ya GaAs, ambako n ni karibu 3.7. Tawi la kwanza linaelekea digrii 18, la pili 38, la tatu 68. Mlango wa GaAs ni digrii 16 tu, kwa hiyo yote matatu yamenaswa, la kwanza kwa upenyo mdogo. Hewani 800/700 inazidi 1: hakuna tawi la kutorokea isipokuwa lile la wima. Seli ya asilimia 19.9 ilitumia nafasi ya nanomita 700. Ukiweka 1600, tawi la kwanza linatoka hewani kwa digrii 30, na dema lako limetoboka. Ukiweka 150, hakuna tawi hata ndani. Mwanga unayaona matuta kama tabaka moja laini la wastani.

Hiyo ya mwisho haina maana kwamba ni upuuzi. Ni kazi nyingine. Jicho la nondo lina vinundu vilivyopangana kwa takriban nanomita 200, na kwa kuwa vinabadilisha n polepole kutoka hewa hadi jicho, mwanga hauakisiwi. Silikoni tupu huakisi karibu theluthi ya mwanga, kwa hiyo hila ya nondo ina thamani yake mbele ya seli. Ila usimpe nondo kazi ya dema. Watu wengi huchonga sindano ndogondogo, wakaona uso umekuwa mweusi, wakatangaza kwamba wamenasa mwanga. Wamefungua mlango tu.

Jambo moja zaidi kuhusu kikomo. Katika tabaka nyembamba namna hii miali ya kawaida haipo tena. Kuna njia chache tu za wimbi kusafiri kando ya tabaka, kila moja na resonansi yake, yaani wimbi ambalo hujikusanya humo. Mwaka 2010 Zongfu Yu, Aaswath Raman na Shanhui Fan walionyesha kwamba miundo ya nano inaweza kuvuka 4n², lakini matuta yanayojirudia hulipia ziada hiyo kwa kubana pembe za mwanga yanazozikubali. Kwa hiyo ukiona tamko la "kuvuka kikomo", uliza: kwa pembe zipi?

Hatua ya tatu: amua mahali pa kuyaweka

Kuna mbele na kuna nyuma, na mimi nachagua nyuma kila ninapoweza. Mawimbi mafupi hayafiki nyuma, kwa hiyo matuta ya huko huwahudumia wanaohitaji tu. Vumbi haliyafikii pia.

Lakini sababu kubwa ni mkunga. Ukichonga kifyonzaji chenyewe unaongeza eneo la uso, na kila sehemu ya uso uliojeruhiwa ni mahali ambapo elektroni na tundu lake (nafasi tupu iliyoiacha) hurudiana kabla ya kufika kwenye waya. Mwanga umenaswa, umeme haupo. Silikoni nyeusi, ile iliyochongwa sindano ndogondogo, ilitaabika na jambo hilo kwa miaka. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland na wenzao wa Barcelona walifikisha asilimia 22.1 kwa silikoni nyeusi. Sindano zilikuwa zilezile zilizojulikana. Kilichoongezwa ni utando mwembamba wa oksidi ya alumini, uliowekwa tabaka la atomi kwa tabaka la atomi ukafunika kila sindano, na miguso ya umeme ikahamishiwa nyuma yote.

Seli ya nanomita 205 ilikwenda njia nyingine: kifyonzaji kiliachwa laini kabisa. Matuta yaliumbwa katika oksidi ya titani nyuma yake, kisha fedha ikajaza mabonde. Mwanga huchepushwa na kitu kisichotoa umeme, na GaAs haiguswi na kisu. Ukiwa mgeni katika kazi hii, iga hiyo.

Hatua ya nne: iga kwenye kompyuta, na iga kwa haki

Huhitaji chumba safi (maabara isiyo na vumbi) hapa. Kompyuta ya mkononi inatosha, na programu zipo bure. S4 kutoka Stanford hutatua matabaka yanayojirudia kwa kuyagawa katika mawimbi ya Fourier, yaani mawimbi sahili yanayojumlishwa. MEEP, iliyoanzia MIT, huutembeza mwanga hatua kwa hatua katika muda. Kwa matuta yanayojirudia, anza na S4. Chukua n na k (kipimo cha ufyonzaji) za kila kitu kutoka hazina ya refractiveindex.info, na spektra sanifu ya jua ya AM1.5G inayotolewa bure na maabara ya Marekani iliyojulikana kama NREL.

Ongeza idadi ya mawimbi ya Fourier mpaka jibu litulie. Kwa kioo na oksidi hutulia upesi. Kwa fedha huchelewa, hasa pale uga wa umeme unapokata kingo za matuta. Niliwahi kukesha nikishangilia ongezeko kubwa la mkondo, nikamwonyesha msimamizi wangu, akaniuliza swali moja: "Umetumia mawimbi mangapi?" Nilipoyaongeza mara nne, kilele changu kilihama nanomita 40 na nusu ya ushindi ikayeyuka.

Kisha usiridhike na 1 − R, yaani mwanga ambao haukuakisiwa. Hiyo ni idadi ya samaki walioingia. Iambie programu ikokotoe ufyonzaji ndani ya kila tabaka peke yake: GaAs kiasi gani, fedha kiasi gani, tabaka la dirisha la mbele (linalolinda uso wa GaAs) kiasi gani. Zidisha ufyonzaji wa GaAs na idadi ya fotoni za jua katika kila wimbi, jumlisha, uzidishe na chaji ya elektroni. Unapata mkondo. Kwa GaAs dari ni karibu miliampea 32 kwa sentimita ya mraba. Seli ya nanomita 205 ilifika takriban 24.6.

Na mlinganisho uwe wa haki. Seli laini ya kulinganisha iwe na kioo kizuri nyuma na utando wa kuzuia uakisi mbele, unene wake ukiwa umechaguliwa upya kwa ajili yake. Kwa silikoni kanuni ya robo ya wimbi inakupa mwanzo mzuri: nitridi ya silikoni yenye n ya 2, kwa wimbi la 600, ni nanomita 75. Ukilinganisha matuta yako na silikoni tupu inayotupa theluthi ya mwanga, utapata asilimia kubwa za kujivunia zisizo na maana yoyote.

Sasa badilisha vipimo: nafasi, kimo, upana wa tuta, unene wa oksidi. Usitafute kilele kimoja kirefu. Resonansi kali hukamata wimbi moja vizuri na kuyaacha mengine. Unataka vilele kadhaa vya wastani vinavyopishana na kufunika eneo lote ulilolipata katika hatua ya kwanza. Kuna kanuni nzuri ya kuviongoza: resonansi hufyonza kikamilifu pale kasi ya mwanga kuvuja kutoka ndani yake inapolingana na kasi ya kufyonzwa. Matuta marefu mno huvujisha upesi. Mafupi mno hayaingizi kitu.

Mwishowe zungusha pembe ya jua kutoka 0 hadi 60. Jua husogea digrii 15 kwa saa, na paneli ya paa la Mombasa haina mota ya kulifuata.

Hatua ya tano: muhuri

Matuta ya nanomita 700 kwa eneo kubwa hayachongwi moja moja. Hugongwa kwa muhuri. Kiolezo hutengenezwa mara moja kwa vifaa ghali, kisha hunakiliwa kwa PDMS, mpira wa jamii ileile ya gundi ya kuzibia kando za sinki.

Kama huna kiolezo, unacho: diski ya DVD. Mitaro yake imeachana kwa nanomita 740, karibu kabisa na tunachotaka. (Ya CD ni 1600, kubwa mno, ya Blu-ray ni 320.) Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walitumia diski ya Blu-ray ya filamu ya Jackie Chan kugongea seli ya plastiki. Mpangilio wa data zilizobanwa, usio wa kurudia kabisa wala wa ovyo kabisa, ulifaa kunasa mawimbi mengi kwa pamoja, na ufyonzaji uliongezeka kwa takriban asilimia 22. Waliokua na vibanda vya video hawatashangaa kwamba Jackie Chan ana matumizi mengine.

Chukua DVD tupu ya kurekodia. Ingiza wembe ukingoni uitenganishe vipande viwili. Osha rangi ya zambarau kwa spiriti safi na uache ikauke bila kufuta, maana kitambaa hukwaruza. Changanya PDMS, sehemu 10 kwa 1 ya kigandisho, iweke kwenye ombwe mpaka mapovu yaishe, mimina juu ya mitaro, oka kwa digrii 65 kwa saa nne. Bandua taratibu kwa kufuata mwelekeo wa mitaro, si kuikata.

Hakikisha kwa leza ya mfukoni. Leza nyekundu ya nanomita 650 ikipita katika muhuri wa 740 huzaa doa kando kwa digrii 61. Kijani ya 532 huzaa kwa digrii 46. Pima umbali hadi ukutani na umbali kati ya madoa, piga hesabu, utajua nafasi ya matuta yako bila hadubini ya elektroni. Usiangalie mwali wala uakisi wake.

Mitaro ya DVD ina mwelekeo mmoja tu, hivyo matawi ni machache, na mwanga ambao uga wake hutikisika upande mmoja hunaswa zaidi kuliko wa upande mwingine. Kwa kujifunzia inafaa. Kwa seli ya kushindana utahitaji vinundu vilivyopangwa pande mbili.

Hatua ya sita: kugonga, kuoka, kufunika

Mimina myeyusho wa titani juu ya sampuli inayozunguka upate utando sawia, lalisha muhuri ukiwa bado mbichi, pasha moto kidogo ushike, bandua, kisha oka kwa joto la juu upate oksidi. Utando hunywea unapooka, na kimo cha matuta hupungua sana kuliko nafasi yake. Kwa hiyo gonga sampuli za majaribio, pima kimo halisi, kisha rudi kwenye uigaji na kimo hicho. Usilazimishe oksidi ifuate ndoto ya kompyuta.

Fedha huja mwisho, kwa kuvukizwa ndani ya ombwe. Usiiache iguse kifyonzaji ila pale unapohitaji mguso wa umeme. Oksidi iliyo katikati inausogeza uga mkali mbali na chuma. Katika seli ya GaAs kazi hii yote hufanyika seli ikiwa kichwa chini, kisha upande wa fedha hugandishwa kwenye kibebeo na sahani ya awali ya GaAs, ambayo seli ilioteshwa juu yake, huliwa kwa kemikali mpaka tabaka linaloizuia kemikali hiyo.

Onyo moja kwa wanaotamani njia ya kuchonga silikoni kwa nitrati ya fedha na asidi ya hidrofloriki. Asidi hiyo hupenya ngozi kimyakimya na kushambulia kalsiamu ya mwili. Pasipo mafunzo, nguo kamili, na jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, usiifungue chupa.

Hatua ya saba: pima nani ameula

Unahitaji vipimo viwili kwenye sampuli ileile. Cha kwanza ni uakisi wote, ndani ya tufe jeupe linalokusanya mwanga wa kila upande; kipimo cha mwali wa wima peke yake kitakosa mwanga uliotawanywa na matuta, na seli itaonekana nyeusi kuliko ilivyo. Cha pili ni idadi ya elektroni zinazotoka kwa kila fotoni inayoingia, wimbi kwa wimbi. Chora mikunjo yote miwili, 1 − R na elektroni, kwenye karatasi moja, pamoja na ya seli laini.

Pengo kati ya mikunjo hiyo miwili ndilo mkunga, na mahali lilipo hukwambia jina lake. Likiwa upande wa bluu, dirisha la mbele au utando wako unakula. Seli laini itakuwa na pengo hilohilo, kwa hiyo usiyalaumu matuta. Likiwa upande wa nanomita 750 hadi 850 na seli laini haina, fedha inakula: punguza kimo cha matuta, zidisha unene wa oksidi, au chunguza kama fedha ilitua kwa chembechembe badala ya utando laini. Likiwa sawa kila wimbi, na volteji ya wazi (ya seli isiyounganishwa na kitu) nayo imeshuka chini ya ile ya seli laini, hapo si suala la mwanga tena. Uso umeumia wakati wa kubandua muhuri au kuoka, na unarudi hatua ya sita ukiwa na joto la chini zaidi.

Na kama vilele viko mahali tofauti na vya kompyuta lakini vina urefu uleule, pima tena kimo cha matuta. Mara nyingi ni oksidi iliyonywea.